Koti la Bosi na Mkataba wa Saa Nane

Jumatatu, 2 Juni

Hongera kwetu. Nchi itaridhia mkataba wa saa nane. Bosi ametutangazia leo asubuhi, amesimama katikati ya ofisi, mikono nyuma, kama mtu anayetangaza kwamba mvua ilikuwa wazo lake. Mkataba ukishatiwa sahihi, hakuna mfanyakazi atakayefanyishwa kazi zaidi ya saa nane kwa siku. Halafu, bila hata kumeza mate, akasema kwamba kwa kuwa muda ni mfupi, kitengo chetu kitabaki jioni kila siku, na Jumamosi, na ikibidi Jumapili, mpaka makabrasha yakamilike.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikohoa. Tangu hapo nina wasiwasi kwamba kikohozi kilisikika kama kicheko.

Mkataba wenyewe ni mzee kuliko bibi yangu. Mataifa yalikaa, yakakubaliana, yakatia sahihi, zaidi ya miaka mia iliyopita. Saa nane kwa siku, arobaini na nane kwa wiki. Sisi tulikuwa bado tunausoma kwa makini. Si vizuri kukurupuka.

Kazi yangu ni kuutafsiri, kifungu kwa kifungu, na kuupanga kwenye majalada ya kijani. Kile kifungu chenye saa nane nimekimaliza jua likizama, shingo imekaza. Nimekisoma tena na tena, nisije nikapunguza saa moja kwa bahati mbaya.

Tumetoka koti lilipotoka. Hili niliandike vizuri, maana nikizeeka sitaamini. Bosi ana koti la kijivu. Asubuhi akifika anakivika kiti chake koti hilo, anafungua mlango wa chumba chake ili wote tulione, kisha mwenyewe anaondoka kwenda kwenye shughuli zake. Koti likiwepo, Bosi yupo. Ndiyo sheria. Haijaandikwa popote, kwa hiyo inafuatwa. Hakuna anayetoka kabla ya koti. Jioni dereva anakuja kulichukua, na hapo ndipo nasi tunaruhusiwa kukumbuka kwamba tuna makwetu.

Mwisho wa mwezi huu muda wangu wa majaribio unaisha. Bosi atatia sahihi nithibitishwe kazini, au hatatia. Dada ameshawaambia majirani kwamba ametia. Shemeji hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, na watoto wao wananijua mimi kama mtu wa mkate. Kwa hiyo nisikohoe tena.


Jumanne, 3 Juni

Nimeshinda na Kaka Breki kwenye gari, kupeleka majalada huku na kule. Kaka Breki ndiye dereva wetu. Wamempa jina hilo kwa sababu anajisifu kwamba abiria wake hawajawahi kuisikia breki yake. Kweli, anasimamisha gari kama mtu anayemlaza mtoto.

Siku yake huanza alfajiri. Anawapeleka watoto wa Bosi shule. Anampeleka mke wa Bosi sokoni. Anamleta Bosi, anamwondoa Bosi, anamsubiri Bosi. Jioni anamfikisha Bosi anakokwenda, halafu anarudi peke yake kulichukua koti. Kitengo kizima kinamsubiri yeye, na yeye anasubiriwa na foleni.

Ameniuliza kama hizo saa nane zinawahusu na madereva. Nikamwambia ndiyo, nimesoma mwenyewe, usafiri wa barabara umetajwa. Akafikiri kidogo. Akasema basi nimwandikie kwa herufi kubwa aibandike kwenye usukani, awe anasoma taa ikiwa nyekundu.

Mtoto wake wa mwisho ameanza kusema. Juzi alimwona baba yake akiingia ndani, akamwamkia kama mjomba. Kaka Breki alinisimulia hilo akicheka. Mimi nikafunga mkanda wa kiti ambao nilikuwa nimeshaufunga.


Alhamisi, 5 Juni

Tunapata mgeni! Shirika la kimataifa linalosimamia mikataba hii linamtuma mtu Jumatatu. Aone kama tuko tayari.

Tuko tayari. Bosi ametupa mpango. Saa kumi kamili jioni, mgeni akiwa amesimama mlangoni, wafanyakazi wote watatoka kwa mlango wa mbele, mikoba mkononi, nyuso zimechangamka. Watavuka barabara. Watazunguka jengo. Watarudi kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni, wapande ngazi, waendelee na kazi. Mlinzi atafunga mlango wa mbele ili mambo yaonekane ya kweli.

Tumefanya mazoezi mara mbili. Mara ya kwanza tulitoka kama tunaokwenda msibani. Mara ya pili Mama Chapa aliharibu. Mama Chapa ndiye mpiga chapa wetu, mkongwe wa ofisi. Alikuwepo kabla ya koti. Alitoka mbio mpaka akawapita wote, na akavuka barabara bila kugeuka. Bosi akamwita, akamwambia kwamba anatabasamu kama mtu anayetoroka.

"Nilikuwa natoroka," alisema Mama Chapa.

Tukarudi kazini kufidia muda uliotumika kufanya mazoezi ya kutoka kazini.


Jumatatu, 9 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Mgeni amekuja. Mrefu, mpole, ana miwani mikubwa ambayo anaivua kila akitaka kusikia vizuri. Tumeshampa jina: Miwani. Kaka Breki alimpokea uwanja wa ndege kabla hakujapambazuka. Na jana, Jumapili, alikuwa amempeleka Bosi kwenye harusi mbali huko, wakarudi usiku. Leo asubuhi macho ya Kaka Breki yalikuwa mekundu kama taa zake za nyuma. Nikamuuliza kama amelala. Akanijibu kwamba amelala, ila si mwaka huu.

Mimi nilikuwa mkalimani, maana ndiye mwenye lugha. Miwani aliuliza tunafunga saa ngapi. Bosi akasema saa kumi, na kwamba yeye mwenyewe huwafukuza watu, maana wanaipenda kazi mno. Nikatafsiri. Miwani akaandika. Aliponiuliza mimi binafsi kama ni kweli, Bosi akajibu kwa niaba yangu, nami nikatafsiri jibu langu.

Saa kumi. Tukatoka. Nyuso zimechangamka. Miwani mlangoni anapiga makofi taratibu, Bosi pembeni yake kama baba wa harusi. Miwani akasema gari limsubiri kwanza, angependa kutembea kidogo aone mtaa. Tukavuka barabara, tukazunguka jengo, tukaingia jikoni mmoja mmoja. Bosi naye akaja huko kutuhesabu.

Ila miwani ya Miwani ilibaki juu, kwenye meza. Mlango wa mbele umefungwa ili mambo yaonekane ya kweli. Mtu mwenye akili anafanyaje? Anajaribu mlango wa nyuma.

Akatukuta. Kitengo kizima, kwenye mstari, katikati ya sinki na jiko, mikoba mkononi. Miwani anatutazama kwa macho yasiyoona vizuri, na bado aliona vizuri kabisa.

"Kwaya," alisema Bosi.

Alinitazama mimi. Nikasikia sauti yangu ikieleza, kwa ufasaha ambao mwalimu wangu wa lugha angejivunia, kwamba baada ya kazi wafanyakazi wetu hupenda kubaki kwa hiari na kuimba.

Uso wa Miwani ukang'aa! Akavuta kigoda, akaketi. Akasema hicho ndicho hasa mkataba ulichokusudia: watu wapate muda wa kupumzika, wa familia, wa muziki.

Mama Chapa akaanzisha wimbo wa shule ya msingi, ndio pekee uliomjia. Sote tuliujua, lakini kila mmoja kwa mwisho wake mwenyewe. Mhasibu aliimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa zamu. Miwani akaomba wimbo mwingine. Na mwingine. Akafuta machozi. Tuliimba mpaka giza likaanza kuingia, na muda wote huo Kaka Breki alikuwa nje kwenye gari, anasubiri.

Hatimaye Miwani akaondoka na Kaka Breki, na Bosi akaenda kwenye shughuli zake. Sisi tukapanda juu kumalizia kazi. Koti lilikuwa kwenye kiti. Tukalisubiri.

Halikuja kuchukuliwa. Mwishowe Mama Chapa akasimama, akabeba mkoba wake. Akasema yeye anakwenda, na koti likitaka limwandikie barua ya onyo. Tukatoka nyuma yake kama vifaranga. Mimi wa mwisho. Niligeuka mara mbili kuhakikisha koti halijanitazama.


Jumanne, 10 Juni

Sasa tunajua kwa nini halikuchukuliwa.

Kaka Breki alilala kwenye usukani jana, akimpeleka Miwani hotelini. Gari lilipanda ule mzunguko wa maua karibu na posta. Hakuna aliyekufa. Miwani ana plasta juu ya jicho. Kaka Breki ameteguka mkono. Nimepita pale asubuhi: gari limelala kwenye maua, na kibao cha Usikanyage Bustani kimekwama kwenye bampa.

Siwezi kuandika zaidi. Nyimbo zote zile. Kama tungeimba wimbo mmoja tu.


Jumatano, 11 Juni

Bosi ameniita chumbani kwake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, maana chake kilikuwa kimekaliwa na koti.

Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha zaidi. Maelezo ya ofisi ni haya: siku ya Jumatatu dereva alimaliza kazi saa kumi, kama wote. Baada ya hapo alijitolea mwenyewe kumwendesha mgeni. Kama alikuwa na usingizi, usingizi huo ni mali yake, ameutoa nyumbani kwake. Kwa hiyo ataachishwa kazi. Mkataba wa dunia nzima hauwezi kuangushwa na kope za mtu mmoja.

Niliitikia kwa kichwa.

Tatizo ni Miwani. Anataka kumsikia dereva mwenyewe, Ijumaa, kabla hajaandika taarifa yake. Kaka Breki hajui lugha ya Miwani, Miwani hajui yetu. Katikati kuna mimi.

"Binti, wewe una lugha," alisema Bosi. "Tafsiri kwa busara."

Akatoa karatasi ya kunithibitisha kazini. Akaiweka mezani, juu yake akaweka stapla isipeperuke, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Akasema ataitia sahihi Ijumaa baada ya kikao. Kikienda vizuri.

Kisha akanipandisha cheo. Kwa kuwa dereva hayupo, kuanzia leo mimi ndiye nitakayelishusha koti jioni, nimpelekee chini kwenye gari la kukodi. Miaka yote niliyokaa darasani, hatimaye nimefika.

Jioni nikalichukua. Zito, linanuka dawa ya nondo na manukato ya zamani. Nikatoka nalo chumbani, na jambo la ajabu likatokea. Ofisi nzima ikainuka. Droo zikafungwa, kompyuta zikazimwa, mhasibu akavaa viatu vyake. Sikusema neno. Nilipita tu na koti kwenye mkono. Kama ningelirudisha kitini, naamini wangeketi.


Alhamisi, 12 Juni

Nimemweleza Dada. Alikuwa anapiga pasi nguo za shule. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyelala kwenye usukani. Nikasema hapana. Akauliza kama mimi ndiye niliyeuandika huo mkataba. Nikasema niliutafsiri. Akasema basi nitafsiri na hili, yaishe.

Nikamwambia halitakuwa tafsiri, litakuwa uongo.

"Na ukweli tutaupika na nini?" alisema.

Shemeji alikuwa mlangoni, amenipa mgongo, anachokonoa bawaba ambayo haijaharibika. Hakugeuka. Akasema tu kwamba kiwandani kwao kulikuwa na jamaa kwenye mashine ya kukata, zamu ya pili mfululizo, akasinzia. Dada akarudia kupiga pasi kola ile ile.

Mchana Kaka Breki alikuja ofisini, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Nilijificha kwenye chumba cha mashine ya fotokopi. Alinifuata huko huko, akasimama upande wa pili wa mashine. Nikajitayarisha kutukanwa. Kumbe alikuja kuuliza kama plasta ya mgeni ni kubwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akapumua.

Akasema mtoto amefurahi sana siku hizi, mjomba anashinda nyumbani.

Nilitaka kumwambia kuhusu ile karatasi chini ya stapla. Nadhani alikuwa anajua tayari. Ofisi hii haina siri, ina vikao tu. Alinitazama, akasema: "Mdogo wangu, mimi kesho nitasema yangu kama yalivyokuwa. Yakishatoka kwangu, ni yako."

Afadhali angenitukana.


Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Nisihukumiwe kwa mwandiko huu, naandikia magotini.

Tulianza mchana. Meza ndefu, chupa za maji, bendera ndogo. Bosi mbele, shati jeupe. Miwani upande huu, plasta upande wa jicho la kulia. Kaka Breki mwisho wa meza, kwenye ukingo wa kiti, kama abiria asiyemwamini dereva. Hotuba ya Bosi ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Ilihusu thamani ya muda.

Ikafika zamu. Miwani akaivua miwani yake. Aliuliza swali moja tu: siku ile ya ajali, na siku iliyotangulia, dereva alianza kazi saa ngapi na kumaliza saa ngapi. Nikatafsiri. Hilo lilikuwa rahisi.

Kaka Breki akajibu. Hakulalamika. Alitaja mambo kwa mpangilio, kama anayemwelekeza mtu njia: harusi ya Jumapili, kurudi usiku, kuosha gari, uwanja wa ndege, watoto shule, mke wa Bosi, Bosi, sisi, nyimbo. Alizitaja nyimbo bila ubaya. Akasema alizisikia kutoka kwenye gari, na kwamba ya pili ndiyo iliyombembeleza. Akamwomba mgeni radhi kwa jicho lake.

Kila mtu chumbani alikuwa ameelewa, isipokuwa yule aliyeuliza.

Miwani akanigeukia. Bosi akanigeukia. Nikafungua mdomo – nikakohoa. Kikohozi changu kile kile! Nikakohoa mpaka nikatokwa machozi. Bosi akasema, kwa upole, kwamba binti apewe maji na sisi wengine tupate chai. Mapumziko mafupi. Akanisogelea sikioni. Akasema gari lake la kukodi limeshafika, ataondoka moja kwa moja kikao kikiisha, kwa hiyo nipande juu nimletee koti.

"Ukirudi utatafsiri," alisema. "Kwa kifupi. Alimaliza saa kumi, anaomba radhi. Basi."

Nikapanda. Kwenye meza yake karatasi yangu iko pale pale, stapla juu yake. Nafasi ya sahihi nyeupe kama sahani iliyooshwa. Nilisimama hapo kidogo. Kisha nikalivua koti kwenye kiti.

Nilipotoka nalo, Mama Chapa aliinua macho. Akatazama koti. Akatazama saa ya ukutani. Saa kumi.

Ilikuwa saa kumi kweli. Nilipaswa kusema kwamba koti linashuka tu kwenye kikao, halijatoka kazini. Maneno yalikuwepo, mepesi, nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema. Nikapita katikati ya meza taratibu, koti mbele yangu, limelala kwenye mikono yote miwili. Nyuma yangu nikasikia droo ya kwanza. Halafu ya pili. Halafu zote.

Wameshuka kwa ngazi za mbele. Hakuna aliyekimbia. Mhasibu alikuwa anaimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa shule, na mwisho wake aliokuwa nao. Hapa nilipo kuna dirisha linaloangalia barabara. Namwona Mama Chapa amefika ng'ambo. Amefika kwenye kona ambayo Jumatatu tulikata kurudi jikoni. Hakukata.

Bosi hajui bado. Anakunywa chai. Vikombe vinasikika kupitia ukuta.

Koti liko mapajani kwangu. Naogopa kuliko siku yoyote tangu nianze kazi hii, na hilo si jambo dogo, maana naogopa kila siku ya kazi na baadhi ya sikukuu. Namfikiria Dada na pasi yake. Namfikiria mtoto wa watu na mjomba wake. Lakini kichwa changu ni cha karani, hakijui kukaa bure. Kimeshafanya kazi bila kuniuliza. Jibu la Kaka Breki nimelitafsiri lote, pale kwenye ngazi, neno kwa neno, kuanzia harusi mpaka maua. Nimelipitia tena hapa kwenye benchi. Sikupunguza hata saa moja.

Vikombe vimenyamaza. Mlango unafunguliwa. Ni Miwani, anauliza kama kikohozi kimepoa. Nafunga daftari, naingia na jibu lote.